Yaya Alibaki Kulinda Nyumba

Nyumba yetu ya shambani ilijengwa na Mbelgiji mmoja mpanda kahawa, kabla Papa hajazaliwa, kando ya barabara ya zamani ya kwenda Buta, upande wa Masako. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye barza pana kuzunguka pande tatu, na sakafu ya vigae vya saruji vyekundu na vyeusi ambavyo mimi na Yaya tulivisugua kila Ijumaa asubuhi kabla Papa hajaenda msikitini. Sebuleni yule Mbelgiji alijenga mahali pa kuotea moto. Kisangani, mahali ambapo mtu anatoka jasho akiwa ameketi tu! Sisi tuliweka humo bata waliokuwa wanaatamia.

Kwetu yaya si mlezi wa watoto. Ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Yaya wangu alikuwa mtoto wa kaka mkubwa wa Papa. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, baba yake akafariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Papa alimleta kwetu na kitanda changu kikawa chetu. Sikuwa na dada mwingine. Nilikuwa na ndugu mmoja wa kiume, mtoto wa mke wa kwanza wa Papa, aliyekuwa akiishi Kindu na ambaye tulimwona kwenye misiba.

Lilikuwa shamba la kazi, si la matembezi. Michikichi ilipandwa kwa mistari iliyonyooka kama mtu alitumia rula. Wakwezi walipanda na kamba kiunoni, wakaangusha mikungu, sisi wanawake tukachambua ngazi, yaani matunda ya mchikichi, na kuzichemsha kwenye mapipa, kisha wanaume wawili wakazungusha mtambo wa kukamulia mpaka mafuta mekundu yakatoka. Tulikuwa na mabwawa ya samaki, mpunga kidogo bondeni, na pondu, mihogo ya kuchuma majani, nyuma ya jiko. Yaya alijua kila kitu kuliko mimi. Papa alikuwa anasema mbele ya wageni, "Huyu njo mukono yangu ya kuume," na Yaya alikuwa anainamisha kichwa, nami nilidhani anaona haya.

Vita vilikuwa vimeshatufikia zaidi ya mara moja. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yamepigana mjini, yakigombania mji ambao si wa hata mmoja wao, na watu walizikwa uani kwao kwa sababu hakuna aliyeweza kufika makaburini. Kisha kukaja kimya, kile kimya cha kila mtu kutembea huku akisikiliza. Ni katika kimya hicho alipokuja Mademoiselle.

Alikuwa msichana wa Kizungu aliyeshuka na ndege ya mizigo, akapanga chumba chetu cha mbele ili awe karibu na msitu wa Masako. Alisomea panya wa porini. Aliwanasa, akawapima mkia na masikio, akawafunga namba, akawaachia. Wakwezi wetu hawakumsamehe hilo la mwisho. Panya wa porini wale wanono, kitoweo safi, mtu anamshika mkononi kisha anamwachia! Lakini alikuwa mtu mwema, alijifunza Kiswahili chetu haraka, na alikuwa na kifaa kidogo cha mkononi kilichosema na satelaiti na kukuonyesha uko wapi duniani. GPS. Sisi tulikiita mashini tu.

Jioni moja akiwa ameketi barzani alituambia kwamba kwao kumezuka mchezo mpya. Mtu anaficha kopo porini, anatoa namba za mahali pale, na wengine wanakwenda kulitafuta.

"Ndani yake kuna nini?" nikamuuliza.

"Bintu bidogo bidogo," akasema. "Sheria iko moja tu. Ukikamata kitu, unaacha kitu ingine."

Yaya akacheka. "Na mwizi? Iko anaacha nini?"

"Ah bon, mwizi hachezi."

Tukaanza kucheza. Kopo la maziwa ya unga, ndani kifungo, kibanio cha nywele, kipande cha sabuni ya kunukia. Mmoja wetu alificha asubuhi wakati wa kazi, mwingine akatafuta jioni na mashini mkononi, akihesabu mistari ya michikichi huku mshale mdogo ukimvuta. Nilikuwa mtu mzima wa kuchumbiwa, lakini nilikimbia kati ya miti ile kama mbuzi. Yaya alikuwa na kipaji nisichokuwa nacho. Mimi nilificha mbali. Yeye alificha mahali ninapopita kila siku. Siku moja nilizunguka bwawa mpaka miguu ikawa tope tupu, kumbe kopo lilikuwa sebuleni, chini ya bata.

Papa alituona akatikisa kichwa. "Banawake bazima, munacheza na makopo."

Kisha risasi zikaanza tena mjini. Wanajeshi walikuwa wamegeukana, radio ikasema maneno ya chuki, na maiti zikaonekana mtoni. Gari lilikuja kumchukua Mademoiselle asubuhi. Hata chai hakumaliza. Alinikumbatia, akamkumbatia Yaya, akatuwekea ile mashini mikononi, mkono wangu na wa Yaya pamoja. "Iko yenu wote wawili," akasema. Sijamwona tena.

Papa ndiye aliyekumbuka mchezo. "Ule muchezo yenu," akatuambia, "leo utafanya kazi." Alijua wanajeshi wakija watabeba kila kitu cha chuma. Mtambo wetu wa kukamulia ulikuwa na parafujo kubwa ya katikati, nene kama mguu wa mtu, ya tangu enzi za Mbelgiji. Bila ile parafujo, mtambo ni pipa tupu. Tukaifungua. Pamoja nayo tukafungasha sufuria za shaba za Mama, mbegu ya mpunga ndani ya pipa lililozibwa kwa nta, na kichwa cha cherehani yangu. Cherehani ile nilipewa na bibi yangu mzaa mama, nayo ndiyo ilikuwa maisha yangu. Nilishona sare za shule za watoto wa barabara nzima.

Papa aliwapa wafanyakazi ruhusa waende kwao. Mimi nikachimba, Papa akashusha, Yaya akasoma namba kwenye mashini na kuzihifadhi. Mashimo yalikuwa ndani kabisa ya shamba, katikati ya michikichi inayofanana kama mapacha. Tulirudisha udongo, tukatandaza makuti makavu, na tulipogeuka nyuma hata mimi niliyechimba sikuona kitu.

Tuliposikia kwamba wanajeshi wameshavuka daraja la Tshopo, Mama akasema twende kwa watu wake, ndani ya msitu. Swali likawa nani abaki.

"Mie njo nitabaki," Yaya akasema.

Mama akakataa. Msichana peke yake, na wanajeshi njiani!

"Nyumba bila mutu, basoda banaichoma," Yaya akajibu. "Mie nitalala kwa jirani, muchana niko hapa. Bakikuya, banaona moto iko inawaka jikoni. Muende tu."

Nikataka kuchukua mashini. Papa akanikataza, na alikuwa na haki: mtu akikutwa njiani na kifaa kama kile, jibu lake lilikuwa moja tu, mpelelezi. Nikamwachia Yaya. Papa akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akamwombea dua ndefu, kisha akasema, "Weye si mutoto wa ndugu yangu. Weye ni mutoto yangu mwenyewe." Yaya hakusema amina. Alitazama vigae.

Tulikaa msituni mpaka mvua zikabadilika. Tulikula mizizi na matembele, Mama akaugua homa akapona. Kila jioni kwenye dua tulimtaja Yaya. Mama alisema tukirudi salama atamtafutia mume mzuri na kumfanyia harusi ya ngoma.

Tulirudi, nyumba ilikuwa imesimama. Hata kioo kimoja hakikuvunjika. Barza ilikuwa imefagiwa, ufunguo uko kwa mke wa jirani, bata tu ndio hawakuwepo. Tulishangilia. Mke wa jirani akatuambia Yaya alikwenda mjini siku chache kabla, hakusema anarudi lini. Tukadhani amekwenda kuuza ndizi.

Papa alikuwa na haraka ya mtambo, maana ngazi zilikuwa zimeiva na kuanza kudondoka. Mashini haikuonekana popote ndani ya nyumba. Basi nikajaribu kukumbuka kwa macho. Shimo la parafujo lilikuwa kwenye mstari unaoelekea tangi la maji, hilo nililijua. Nikapata mahali ambapo makuti yalikaa tofauti. Jembe likaingia bila shida. Udongo ulikuwa laini kama wa bustani.

Parafujo haikuwepo. Kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kikwembe kimekunjwa vizuri, kitenge cha manjano chenye mapambo ya bluu. Nilikijua. Papa alimnunulia Yaya Idi iliyopita.

"Basoda," Papa akasema.

"Papa, soda gani anakunja kikwembe?"

Akachukua jembe. Tukaendelea kuchimba. Penye sufuria za Mama tulikuta hereni alizompa Yaya alipovunja ungo. Penye mbegu ya mpunga, viatu vyake vya kwendea mjini, alivyonunuliwa na Papa. Shimo langu nililichimba mwisho, peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimeshajua na sikutaka mtu anione. Kulikuwa na blauzi. Ilikuwa nguo ya kwanza niliyoishona kwa cherehani ile, mikono yake imepinda kidogo, na Yaya alikuwa ameivaa mbele ya watu kwa miaka kana kwamba haikupinda.

Nilikaa chini kwenye udongo. Nilitaka iwe wanajeshi. Nilimwomba Mungu iwe wanajeshi, hata wale wabaya kabisa.

Mama alivitandaza vile vitu mkekani, kimoja kimoja. "Huyu hakuiba tu," akasema. "Ameturudishia kila kitu tulichomupa. Hataki kitu chetu mwilini mwake." Kisha akamgeukia Papa. "Ulimufanya nini huyu mutoto?"

Papa akasimama, akaenda kutawadha, na haikuwa saa ya swala.

Nilimtafuta Yaya mjini. Wauza mafuta wanajuana, na mmoja wao sokoni akaniambia anakaa Mangobo, uani kwa mjane fulani. Nilimkuta anapepeta mchele. Alikuwa amekonda, amevaa kikwembe nisichokijua. Aliponiona hakukimbia. Alivuta kigoda akanisogezea, na hilo liliniuma kuliko kama angenifungia mlango.

"Bintu biko wapi?" nikamuuliza nikiwa nimesimama.

"Nimeshauzisha. Parafujo ilienda Ubundu, iko mutu kule mwenye mutambo."

"Na cherehani yangu?"

Akaendelea kupepeta. "Ilienda pamoja."

"Ile haikuwa ya Papa! Ile nilipewa na bibi yangu. Weye ulijua!"

"Nilijua."

"Alors, juu ya nini?"

Akaweka ungo chini. Ndipo aliponiambia, polepole, bila kulia, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo miaka mingi mdomo ukiwa umefungwa. Nyumba ile na shamba lile vilinunuliwa na baba yake, aliyekuwa akikaa mjini. Baba yangu wakati huo alikuwa hana kitu. Alikaribishwa aje kusaidia kazi. Baba yake alipokuwa anakufa alimwita ndugu yake mbele ya kitanda na kumwambia, hii ni ya mtoto wangu, umtunzie mpaka akue. Yaya alikuwepo pale, ameshika beseni. Baba yangu aliapa.

"Nilipokua nilimuuliza," akasema. "Nikamuuliza kwa adabu, papa mudogo, ile neno ya papa yangu iko namna gani? Akaniambia mie nilikuwa mutoto, nilisikia vibaya. Akaniambia mutoto mwanamuke anaoleka, shamba inabakia kwa banaume. Kesho yake akanipa kikwembe." Akanitazama. "Donc nilichambua ngazi ya papa yangu kama mutumishi. Weye ulikuwa unalala nyuma ya mugongo yangu kila siku, hukuuliza hata mara moja juu ya nini mie njo naamka wa kwanza."

"Mie sikujua, Yaya."

"Sawa. Hukujua."

"Lakini cherehani ilikuwa yangu."

Sauti yake haikupanda. "Uliifukia ndani ya udongo ya papa yangu. Kila kitu chenye kilikuwa ndani ya ule udongo, nilikamata."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kulala magotini mwake. Sikufanya lolote. Niliondoka nikitembea mpaka barabarani, nikapanda nyuma ya baiskeli ya toleka, na mwendeshaji akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Papa alikuwa bwawani, anaziba ukingo uliobomolewa na mvua. Nilisimama ukingoni nikamweleza kila neno. Nilingoja akatae. Laiti angekataa, ningeshika upande wake. Nilikuwa na hamu ya kushika upande wake. Huyu ndiye aliyenifundisha Kurani nikiwa nimekaa mapajani, ndiye aliyeniambia kwamba anayekula mali ya yatima anakula moto.

Aliendelea kupiga tope kwa koleo. "Na weye," akasema mwishowe bila kunitazama, "ulikula nini miaka yote hii? Samaki ya nani? Muchele ya nani?"

"Papa, uliapa?"

"Ndugu yangu alikuwa na homa. Mutu wa homa anasema mengi."

"Uliapa ao hukuapa?"

"Nenda usaidie mama yako."

Basi. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na lilinitosha. Nilirudi juu kwenye nyumba ile ya matofali niliyojivunia mbele ya wenzangu wote wa shule, nikaona kila chumba kama kimetoka kwa mtu mwingine, na ndivyo kilivyokuwa. Watu wawili niliowaamini kuliko wote walikuwa wamenificha kitu kimoja, kila mmoja kwa upande wake, nami nililala katikati yao kama mjinga. Yaya alikuwa na haki, na alikuwa ameniibia. Nilijaribu kuchukua nusu moja na kuacha nyingine. Haikuwezekana.

Mtambo haukukamua tena. Parafujo ya namna ile haikupatikana, na fundi aliyejaribu kuchonga nyingine alitengeneza kitu kilichovunjika msimu wa kwanza. Tukawa tunauza ngazi mbichi kwa wengine. Wakwezi wakaondoka mmoja mmoja. Papa akapungua mwili, akawa anakaa barzani akitazama mistari ya michikichi iliyojaa majani, na kati yangu naye kulikuwa na salamu tu. Niliolewa mjini na fundi seremala, mtu mtaratibu, na nilishona kwa mashine ya kukodi.

Papa alipofariki, yule ndugu yangu wa Kindu alikuja na mizigo yake yote. Alisubiri arobaini ipite, kwa hilo namshukuru. Kisha akatuita, mimi na Mama, akatuambia kwamba shamba sasa ni lake na Mama anaweza kubaki chumba cha nyuma. Nikamwambia sheria ya dini inanipa fungu langu, hata kama ni nusu ya lake. Akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Dada, weye uko na bwana yako. Mutoto mwanamuke anaoleka. Shamba inabakia kwa banaume."

Nilicheka. Nilicheka mpaka Mama akaniwekea mkono mdomoni. Sikumweleza kwa nini, naye hakuuliza. Kesho yake nilimchukua Mama tukaja naye mjini, na huko ndiko alikoishi mpaka mwisho.

Yaya wakati huo alikuwa ameshaolewa na msafiri wa mto Lomami na anaishi Opala. Tulisikia habari zake kwa watu wa boti: amezaa, ana shamba la mpunga, amekuwa mnene. Mama alikuwa anafurahi kusikia. Mimi nilikuwa natoka nje.

Mama alifariki msimu wa mvua. Alipozidiwa, wiki kadhaa kabla, nilikuwa nimetuma neno Opala kwa sababu ni wajibu, sikutegemea mtu. Siku ya maziko, kabla hatujaanza kumwosha, mlango wa ua ukafunguliwa na Yaya akaingia na kikapu cha samaki wa kukaushwa kichwani, amelowa mpaka kiunoni. Alikitua, akavua viatu, akaingia ndani bila kumwuliza mtu.

Kwa desturi yetu wanawake wa karibu ndio wanaomwosha marehemu mwanamke. Mimi nikamimina maji, Yaya akaosha. Alianza upande wa kuume kama inavyotakiwa, mkono wake mzito wa kazi ukawa mwepesi kama wa mtu anayemwosha mtoto mchanga. Hatukusemezana isipokuwa maneno ya kazi. "Leta ingine." "Mugeuze polepole." "Kafuri iko wapi?" Alipofika miguuni alisimama kidogo, akasema, kwa marehemu, si kwangu, "Mama mudogo, weye ulikuwa muzuri."

Tulikula samaki wake usiku ule, wafiwa wote, kwa wali. Kesho yake nilimsindikiza mpaka bandarini, tukakaa juu ya magunia tukisubiri boti ijae. Nilikuwa na maneno. Naye alikuwa nayo. Watu wakaanza kupanda, mtu akamwita kwamba nafasi yake inachukuliwa, akasimama, akafunga kikwembe vizuri.

"Salimu bwana," akasema.

"Nawe salimu batoto."

Boti ikaondoka na mimi nikarudi nyumbani kuosha sufuria za msiba.